Bakhresa Mmoja Si Sera ya Uchumi

Aghalabu linapofanyika kongamano la vijana hapa Unguja, iwe ni katika ukumbi wa Sheikh Idrissa Abdulwakil pale Kikwajuni au katika kumbi za vyuo vyetu, hufika wakati mgeni rasmi akaiweka kando hotuba aliyoandikiwa na kuanza kuwasimulia waliohudhuria habari za Said Salim Bakhresa. Hadithi yenyewe inajulikana. Mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1949, aliyeacha skuli akiwa na umri wa miaka 14, akauza mchanganyiko wa viazi, akafungua mgahawa Dar es Salaam, akaingia katika mikate, kisha katika unga, na leo jina la Azam limo midomoni mwa watu kuanzia Kizimkazi hadi Lilongwe. Vijana hupiga makofi. Mgeni rasmi hutabasamu, hunywa maji ya Uhai yaliyo mbele yake, ambayo nayo ni ya Bakhresa, kisha humalizia kwa agizo: nanyi acheni kusubiri ajira za Serikali, jiajirini.

Nimelisikia agizo hilo mara nyingi mno kuendelea kulinyamazia. Mzee Bakhresa mwenyewe sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na wale wanaoichukua historia ya mtu mmoja, wakaing'oa katika wakati wake na mazingira yake, kisha wakaigeuza kuwa jawabu la swali ambalo wao ndio wanaolipwa mishahara kulijibu. Kijana anayemaliza chuo Zanzibar na kukuta milango imefungwa huuliza: kwa nini biashara haikui? Kumjibu kwa jina la tajiri ni sawa na kumjibu mgonjwa aliyekosa dawa kwa kumwonesha mtu mwenye afya.

Nianze kwa kumpa mwenye haki haki yake. Kujenga kundi la kampuni kama lile si jambo la bahati nasibu. Vinu vyake vya ngano viko Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na Msumbiji. Boti za Kilimanjaro za Azam Marine ndizo zinazowavusha wengi wetu kati ya Malindi na Dar es Salaam. Timu yake ya Azam ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008 na kuutwaa ubingwa msimu wa 2013/14, ikiuvunja utawala wa Simba na Yanga. Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka kumi wa kuonesha ligi hiyo wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hapa Unguja kuna hoteli ya Verde pale Mtoni na nyumba zinazojengwa Fumba. Mzanzibari wa kawaida anaweza kuamka akala boflo la unga wa Azam, akavuka bahari kwa boti ya Azam, akanywa juisi ya Azam na usiku akaangalia mpira katika king'amuzi cha Azam. Anayesema kwamba haya yamekuja bila ya akili, uvumilivu na nidhamu ya kazi, huyo hajapata hata kuendesha genge la mbogamboga.

Lakini hadithi ya kwenye makongamano huyaacha mambo mawili. La kwanza ni mlango. La pili ni bei ya kuupita.

Tuanze na mlango. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, biashara kubwa ya visiwa hivi iliingia mikononi mwa dola. Bizanje ndiyo iliyoagiza bidhaa, Shirika la Biashara la Taifa ndilo lililonunua karafuu, na wazee wetu wanazikumbuka foleni za mchele na sukari za mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini. Bara nako, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, usagishaji wa nafaka ulikuwa wa Shirika la Taifa la Usagishaji. Katika mazingira hayo mtu angeweza kuwa hodari kama simba, lakini asingeruhusiwa kumiliki kinu kikubwa cha unga. Mambo yalibadilika mwaka 1984, pale Ali Hassan Mwinyi aliposhika uongozi wa Zanzibar baada ya kujiuzulu Aboud Jumbe, na Serikali ikaruhusu wafanyabiashara binafsi kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila ya kuulizwa wamezipata wapi. Novemba 1985 Mwinyi akawa Rais wa Muungano, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa.

Ndipo mlango ulipofunguka. Mashirika ya umma yalikuwa yamechoka, miji ilikuwa ikikua, watu walikuwa na njaa ya mkate, na mtu aliyekuwa tayari na mgahawa, mtaji mdogo na wateja wanaomjua, aliingia. Uhodari ulikuwa wake, lakini mlango ulifunguliwa na sera. Hata baadaye sera iliendelea kuwa karibu naye. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataja asilimia 35 kwa ngano inayotoka nje ya jumuiya, lakini kwa miaka mingi hotuba za bajeti ya Muungano zimekuwa zikitangaza kwamba Tanzania itatoza asilimia 10. Uamuzi huo una mantiki, kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya ngano tunayoila hailimwi hapa, na ushuru kamili ungepandisha bei ya mkate. Wenye vinu wote wananufaika nao, si mmoja. Ninachokisema ni kwamba huo nao ni mkono wa Serikali. Kwa hivyo, anayesimama jukwaani na kusema Bakhresa alijiinua mwenyewe bila ya msaada wa mtu, anamsifu kwa jambo lisilo la kweli na anawanyima vijana somo lililo la kweli: kwamba biashara kubwa hukua pale uhodari wa mtu unapokutana na uamuzi wa dola.

Na hapo ndipo penye suala langu. Dola yetu huamua vipi, na kwa ajili ya nani?

Oktoba 2016, Rais John Magufuli alikwenda Mwandege, wilaya ya Mkuranga, kuzindua kiwanda cha Bakhresa cha kusindika matunda. Mbele ya hadhara alimuuliza mwenye kiwanda kwa nini hazalishi sukari. Alipojibiwa kwamba tatizo ni ardhi, Rais aliahidi pale pale kwamba ardhi itapatikana, Bagamoyo. Na kweli ilipatikana. Leo kiwanda cha Bagamoyo Sugar kipo Makurunge na kinatoa sukari. Wengi walilishangilia tukio lile kama mfano wa Serikali inayofanya kazi bila ya urasimu. Nami nakiri kwamba nchi inayoagiza sukari kutoka nje inahitaji viwanda vya sukari.

Lakini ardhi ile haikuwa pori lisilo na historia, na sisi wa Zanzibar tulipaswa kuwa wa mwanzo kulikumbuka hilo, maana eneo lile ndilo lililokuwa Razaba, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, tuliyopewa kufugia ng'ombe. Ranchi ilipokufa, eneo likaingia katika mradi wa kampuni ya Kiswidi ya EcoEnergy, uliokusudia kulima miwa. Serikali ikaufuta mradi huo. Wawekezaji wakaenda katika usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2022 Tanzania ikaamriwa kulipa fidia ya takriban dola za Marekani milioni 165. Huenda Serikali ilikuwa na sababu nzuri za kuufuta mradi ule. Kulikuwa na hoja za mto Wami na hifadhi ya Saadani. Lakini nchi ambamo hati ya ardhi inaweza kufutwa leo na ardhi nyingine ikaahidiwa jukwaani kesho, ni nchi ambamo kigezo cha biashara ni kuwa karibu na jukwaa. Aliye karibu hupata kwa neno moja. Aliye mbali hana hata pa kulipeleka ombi lake.

Sasa mchukueni kijana mmoja wa Unguja. Hapa nina mfano halisi wa mhitimu wetu ambaye sitamtaja jina, na wala sitazitaja ofisi zilizomzungusha, kwa sababu ninalotaka kulionesha ni utaratibu na si watu. Alitaka kusindika juisi ya machungwa ya Ndijani, machungwa ambayo kila msimu huoza chini ya miti kwa kukosa soko. Alisajili biashara, akapata namba ya mlipakodi, akaandikishwa katika mamlaka mbili za kodi, akatafuta leseni ya manispaa, kibali cha usalama wa chakula, alama ya ubora. Kila ofisi ilikuwa na ada yake, fomu yake na afisa wake aliyekuwa safarini. Miezi kumi na moja ilipita kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa kihalali. Alipotaka kupeleka katoni chache Dar es Salaam, akaelezwa kwamba aanze upya. Leo anauza vocha za simu. Machungwa bado yanaoza.

Sikumsimulia kijana huyu ili msomaji amwonee huruma. Nimemsimulia kwa sababu kampuni kubwa nayo inapita katika ofisi zile zile, lakini haipiti kwa miguu yake. Ina wanasheria, ina wahasibu, ina idara nzima ya kufuatilia vibali, na ina uwezo wa kusubiri mwaka mzima bila ya kufa njaa. Kwa hivyo urasimu, ambao tumezoea kuuita adui wa biashara, kwa hakika ni adui wa biashara ndogo peke yake. Kwa mkubwa, urasimu ni ukuta unaomlinda na washindani. Hakuujenga yeye, tumeujenga sisi, kwa mihuri yetu.

Juu ya ukuta huo liko tatizo letu la Muungano. Mfanyabiashara wa Zanzibar ana mabwana wawili wa kodi: TRA kwa ushuru wa forodha na kodi ya mapato, ZRA kwa kodi za ndani za Zanzibar. Kodi ya Ongezeko la Thamani hapa ni asilimia 15, Bara ni 18. Katika miaka ya themanini na tisini Darajani lilikuwa soko la watu wa Bara, waliokuja kununua nguo, redio na televisheni kwa sababu ushuru wetu ulikuwa mdogo. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, tukaingia katika ushuru mmoja na nchi nzima, na nguvu ile ya Darajani ikaondoka. Hilo lingevumilika kama soko la Bara lingefunguka kwetu kwa ukamilifu. Badala yake, kwa miaka mingi kilio cha wafanyabiashara wetu kimekuwa kile kile: bidhaa iliyolipiwa ushuru bandari ya Malindi hufika Dar es Salaam ikathaminiwa upya, na mwenyewe akadaiwa tofauti.

Wenzetu wa Bara wana hoja, na ni vyema tuiseme kwa insafu. Wanasema bidhaa hupitishwa Zanzibar kwa thamani ya chini ili zikwepe kodi, na bila ya tathmini ya pili viwanda vyao vitaumia. Ikiwa hivyo ndivyo, basi dawa ni kurekebisha tathmini ya mwanzo, maana anayeifanya hapa ni afisa wa mamlaka ile ile ya TRA. Kumtoza mtu mara mbili kwa sababu ofisi mbili za taasisi moja haziaminiani ni kumtwisha raia mzigo wa ugonjwa wa Serikali. Na hapa tena, angalieni anayeumia. Kampuni yenye viwanda pande zote mbili za bahari, yenye bidhaa zake na vyombo vyake vya usafiri, inaweza kuchagua mahali pa kuzalishia na mahali pa kuingizia. Mama wa Jang'ombe mwenye marobota matatu ya nguo hana pa kuchagua.

Kuna watakaoniambia kwamba ukubwa una faida zake, na watanikumbusha bahari. Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Julai 2012 Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hakuna nyumba ya Zanzibar ambayo haikuguswa na misiba ile. Baada ya hapo, kupanda boti kubwa, mpya na ya kampuni yenye uwezo kukawa ni kununua uhai. Naikubali hoja hii, na ninapovuka ndivyo ninavyofanya. Lakini tusikosee katika kutafuta sababu. Wale ndugu zetu hawakuuliwa na udogo wa kampuni. Waliuliwa na ukaguzi uliofumba macho wakati watu wakijazwa juu ya watu. Mamlaka ya Usafiri Baharini ilikuwa imeshaundwa tangu mwaka 2009. Usalama wa abiria ni wajibu wa msimamizi, na msimamizi akilala, hata kampuni kubwa siku moja itashawishika kupakia zaidi. Isitoshe, mkondo wa Unguja kwetu ni kama barabara kuu. Wagonjwa, wanafunzi, maiti, mizigo, wote hupita hapo. Inapokuwa njia ya lazima inategemea kampuni chache, nauli na ratiba zinakuwa ni jambo la umma, na umma una haki ya kuona kwa uwazi jinsi zinavyopangwa.

Haya si mageni kwetu. Anayepita Mizingani na kulitazama lile jengo la Zahanati Kongwe lenye roshani za nakshi, anatazama kumbukumbu ya tajiri mwingine, Tharia Topan, aliyeanza kulijenga katika miaka ya 1880. Kabla yake ilikuwepo nyumba ya Jairam Shivji. Hao walikuwa ndio makundi makubwa ya kibiashara ya karne ya 19, na chanzo cha nguvu zao hakikuwa mtaji peke yake. Masultani waliwakodisha forodha. Tajiri alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana, kisha akatoza ushuru bandarini kwa ajili yake mwenyewe, huku naye akiwa ni mfanyabiashara na mkopeshaji, na Sultani mwenyewe akiwa mdeni wake. Mchezaji akawa mwamuzi. Dola ilipata fedha za haraka na ikapoteza uwezo wa kumwambia tajiri hapana.

Baada ya Mapinduzi tukageuza upande wa pili wa sarafu. Dola yenyewe ikawa tajiri pekee. Mkulima wa karafuu wa Pemba na Unguja alilazimika kumuuzia mnunuzi mmoja kwa bei ya mnunuzi huyo, na alipoipeleka karafuu yake Mombasa akaitwa mfanya magendo. Ilichukua hadi mwaka 2011, wakati wa Dk. Ali Mohamed Shein, ndipo Serikali ilipoamua kwamba mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la nje, na magendo yakapungua sana bila ya kuhitaji bunduki. Somo la vipindi vyote viwili ni moja: ukiritimba hauwi halali kwa kubadilisha kofia ya mwenye nao. Awe Sultani na mkodi forodha wake, liwe shirika la umma, iwe kampuni binafsi inayopendwa na watu, mnunuzi au muuzaji aliye peke yake hatimaye humdhulumu mnyonge, hata kama ni mwema, kwa sababu hakuna kinachomlazimisha asimdhulumu.

Ndiyo maana nchi zenye busara haziachii jambo hili kwa tabia ya mtu. Wamarekani walitunga sheria ya kupinga ukiritimba mwaka 1890, na mwaka 1911 Mahakama yao ya Juu ikaamuru Standard Oil ya Rockefeller ivunjwe. Korea Kusini, ambayo wakubwa wetu hupenda kuitaja, ilizikuza kwa makusudi kampuni kama Samsung na Hyundai kwa mikopo ya Serikali, lakini iliweka masharti: ukishindwa kufikia malengo ya kuuza nje, msaada unakatwa. Wanaoitaja Korea mbele yetu husimulia mikopo na kuyasahau masharti.

Sisi nasi tuna sheria. Bara ilitunga Sheria ya Ushindani mwaka 2003, ambayo katika maandishi yake ya awali iliweka zaidi ya asilimia 35 ya soko kuwa miongoni mwa vigezo vya kampuni kuhesabiwa kuwa na nguvu ya kulitawala soko hilo. Zanzibar, kwa kuwa biashara ya ndani si jambo la Muungano, ina sheria yake ya mwaka 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, na tume ya kuisimamia. Sheria hizi zinaweza kufanya kazi. Mwaka 2022, Baraza la Ushindani la Bara lilitengua idhini iliyotolewa kwa kampuni mama ya Twiga Cement kuinunua Tanga Cement, baada ya idhini hiyo kukatiwa rufaa. Sizungumzii kilichofuata baadaye, kwani mambo ya saruji yana mizunguko yake. Nazungumzia kwamba swali liliulizwa hadharani, pande zikasikilizwa, na uamuzi ukaandikwa kwa sababu.

Hapa kwetu ni lini mara ya mwisho tumesoma uchunguzi wa namna hiyo kuhusu soko la unga, la mchele wa mapembe, la saruji, au la usafiri wa baharini? Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani wakubwa huwaita waagizaji, hupigwa picha nao na kuwasihi wasipandishe bei. Kumsihi mtu ni kukiri kwamba huna nguvu juu yake. Tume yenye meno haimsihi mfanyabiashara; inazijua gharama zake, inalijua fungu lake la soko, na inajua ni waagizaji wangapi wengine wangeingia kama mlango ungekuwa wazi.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kwamba Bakhresa ameajiri maelfu, na kwamba maneno kama haya yanawakimbiza wawekezaji. Kuhusu ajira, ni kweli, na kila ajira ni heshima ya nyumba. Lakini hesabu ya ajira haikamiliki kwa kuwahesabu walioajiriwa tu. Inapasa kuwahesabu pia wale ambao wangeajiriwa na viwanda ishirini vya juisi ambavyo havikuzaliwa. Kuhusu wawekezaji, mwekezaji wa kweli anaogopa nchi isiyotabirika kuliko nchi yenye sheria kali. Yaliyotokea kwa EcoEnergy yanamtisha zaidi kuliko makala ya mwalimu wa chuo.

Nitaambiwa pia kwamba nina wivu, kwa kuwa katika nchi yetu anayeuliza swali kuhusu mali hupewa maradhi hayo kabla hajamaliza sentensi. Sina jawabu la hilo isipokuwa kusema kwamba ningependa kuona Bakhresa wengine kumi, wa Makunduchi, wa Mkokotoni, wa Wete. Anayemtaka mmoja tu ndiye aliye adui wa utajiri wa Wazanzibari.

Basi tudai nini? Tudai, kwanza, kwamba kila msamaha wa kodi, kila punguzo la ushuru na kila ekari anayopewa mwekezaji, awe mzalendo au mgeni, chini ya sheria zetu za uwekezaji, uchapishwe: nani kapewa, kiasi gani, kwa muda gani na kwa masharti gani. Nyingi ya kampuni zetu kubwa, ikiwemo hii, haziuzi hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kwa hivyo hazilazimiki kutangaza hesabu zao kwa umma. Hilo ni haki yao. Lakini msamaha wa kodi si mali yao, ni mali yetu, na hesabu yake ni haki yetu. Pili, tume yetu ya ushindani ipewe wataalamu na bajeti, na kila mwaka itoe ripoti ya masoko machache yanayogusa chungu cha mnyonge, ikianza na unga, mchele na nauli ya baharini. Tatu, bidhaa iliyolipiwa ushuru Malindi ihesabiwe kuwa imelipiwa ushuru Tanzania. Nne, kwa anayeanza na mtaji mdogo, vibali vyote viwe katika dirisha moja, na ofisi isiyojibu ndani ya siku zilizowekwa ihesabike kuwa imekubali.

Wanafunzi wangu, mnapotafuta mada za tasnifu, acheni kuniletea kila mwaka "changamoto za ujasiriamali kwa vijana". Nendeni mkahesabu: boflo moja lina unga wa shilingi ngapi, na punguzo la ushuru wa ngano limefika kwa mwoka mikate wa Kwahani au limeishia njiani. Wanaharakati, mnaozijaza kurasa kwa mijadala ya nani kamtukana nani, chukueni sheria ile ya 2018, ina vifungu vinavyomruhusu raia kulalamika. Lalamikeni kwa maandishi. Na nyinyi watumishi wa umma, ambao nyaraka hizi hupita juu ya meza zenu, mnafahamu kuliko mimi ni faili lipi limelala na ni lipi limeruka foleni. Hakuna anayewataka muwe mashujaa. Lifanyieni faili la kijana wa Ndijani kazi ile ile, katika siku zile zile, mnayoifanyia faili la mkubwa.

Na mgeni rasmi wa kongamano lijalo, akifika mahali pa kutaja jina la Bakhresa, na aulizwe swali moja na kijana yeyote aliyepo ukumbini: Mheshimiwa, Mzee Ruksa alifungua mlango mwaka 1984, wewe umefungua upi?